Dini Yenye Mikono: Mwongozo wa Kazi na Desturi za Nyumbani kwa Familia Changa ya Katwe

Katwe imekaa chini ya vilima viwili vya sala. Kimoja ni Nsambya, makao ya wamisionari wa Mill Hill waliofika Buganda mwaka 1895. Cha pili ni Kibuli, chenye msikiti mkubwa uliokamilika mwaka 1951. Adhana inawafikia, kengele inawafikia, na Jumapili vipaza sauti vya makanisa ya walokole vinajaza vichochoro. Lakini mtoto wenu hakai kilimani. Huwa huko saa chache kwa wiki, na wiki iliyobaki anaishi na ninyi, ndani ya muzigo wa chumba kimoja au viwili, mlango ukitazama karakana ya fundi chuma au kibanda cha chapati.

Mwongozo huu ni wa mume na mke walioanza maisha juzi, wana mtoto mmoja au wawili, au wanamngoja wa kwanza, na wanataka dini yao ikae nyumbani. Unawahusu Waislamu na Wakristo pia, kwa kuwa Katwe ni mtaa wa wote wawili. Shauri lake ni moja: desturi ya nyumbani hudumu ikiwa na saa yake, mahali pake na kazi ya mikono ya kila mtu. Ikikosa kimojawapo, kazi za mjini huimeza.

KWA NINI SAA, MAHALI NA MIKONO

Saa. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, tofauti ya nusu saa tu. Kwa hiyo familia ya Katwe inaweza kuchagua saa moja ya jioni ikaishika Januari hadi Desemba. Mtoto asiyejua kusoma saa ataijua kwa giza linavyoingia.

Mahali. Katika chumba kimoja, kitanda ndicho kiti, na sakafu ndiyo meza na uwanja wa mchezo. Pasipotengwa hata upana wa mkono kwa ajili ya sala, sala hungoja vitu vingine viondolewe, na siku ya uchovu haviondolewi.

Mikono. Mtoto wa miaka mitatu hafuati mahubiri. Lakini anaweza kutia sarafu kwenye kibubu, kumwagia mboga maji na kumbebea mama kitabu. Anachokifanya kwa mkono kila wiki ndicho atakachokikumbuka akiwa mtu mzima, na maana yake ataielewa kadiri anavyokua.

KABLA YA KUANZA: MAZUNGUMZO YA WAWILI

Mtoto akishalala, kaeni ninyi wawili mjibu maswali haya. Andikeni majibu kwenye daftari.

1. Wazazi wetu walifanya nini nyumbani ambacho bado tunakikumbuka kwa upendo? Chagueni kimoja kutoka kila upande.
2. Ni saa gani sote tuko nyumbani siku nyingi za wiki? Kama baba anaendesha boda boda usiku, au mama anawahi sokoni alfajiri, msijidanganye. Chagueni saa iliyopo kweli, hata kama ni saa kumi na moja asubuhi.
3. Tunaweza kutenga fedha kiasi gani kwa wiki bila kugusa kodi ya nyumba, chakula na karo?
4. Tutasali kwa lugha gani? Katika baadhi ya nyumba za Katwe wazazi wametoka Kongo au pwani na wanasema Kiswahili, huku watoto wakirudi na Kiganda kutoka shuleni. Kila mtu aruhusiwe kusali kwa lugha iliyo karibu na moyo wake, na sala moja fupi muijue wote kwa lugha moja.
5. Kama mmoja ni Mwislamu na mwingine Mkristo, au mmoja ni Mkatoliki na mwingine mlokole, ni mambo gani tutayafanya pamoja na yapi kila mmoja atayafanya peke yake? Kushukuru, kutoa sadaka, kutembelea wagonjwa na kuheshimu wazee hakuhitaji mabishano. Anzeni hapo. Suala la mafundisho ya watoto limalizeni ninyi wenyewe mapema, msiliache liamuliwe na ndugu siku ya sikukuu.

Chagueni desturi tatu tu: ya kila siku, ya kila wiki na ya kila mwaka. Kisha chagueni kazi moja ya mikono kati ya nne zinazofuata. Nyingine zitafuata ya kwanza ikishazoeleka.

KAZI YA KWANZA: RAFU YA IBADA

*Kwa nini.* Kitabu kitakatifu kikikaa juu ya kabati chini ya nguo, kinatoka siku ya msiba. Kikiwa na rafu yake, kila anayeingia anakiona, na mtoto anajua nyumba hii ina kitu kinachoheshimiwa. Tena mnaishi Katwe, mtaa ambao mafundi wake wanajulikana Uganda nzima kwa kutengeneza sigiri, masanduku ya shule, milango na mashine za kila aina. Rafu ndogo ni kazi nyepesi kwao.

*Hatua.*

1. Pimeni nafasi. Kwa muzigo wa kawaida, upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 25 na kimo cha mita 1 vinatosha, rafu ikiwa na matabaka matatu. Chagueni rafu ya miguu, isiyotundikwa ukutani, ili mkihama muondoke nayo na msigombane na mwenye nyumba juu ya matundu mengi.
2. Tabaka la chini lianze sentimita 30 juu ya sakafu. Sehemu za chini za Katwe hufurika mvua inapozidi, na vitabu havipaswi kuwa vya kwanza kulowa.
3. Choreni umbo na vipimo kwenye karatasi. Ulizeni bei kwa mafundi watatu. Kianzio kisizidi nusu ya bei, na karatasi hiyo ibaki na sahihi ya fundi, kiasi mlicholipa na siku ya kuchukua.
4. Mwambieni wazi: "Ssebo, nyumbani kuna mtoto. Kona zote zipigwe tupa, na chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza." Ombeni rangi isiyo na risasi.
5. Kabla ya kulipa salio, pitisheni kitambaa kwenye kingo zote. Kikinasa popote, irudi kwenye tupa. Itikiseni rafu: isiyosimama sawasawa mkononi mwa fundi haitasimama kwenye sakafu yenu.
6. Iacheni nje ikauke mpaka harufu ya rangi iishe, ndipo muingize ndani.
7. Ifungeni ukutani kwa waya na msumari mmoja. Mtoto atajaribu kuipanda, na rafu ya chuma ikimwangukia itamuumiza vibaya.

*Mpangilio.* Tabaka la juu ni la kitabu kitakatifu peke yake. La kati ni la rozari au tasbihi, daftari la familia na kibubu. La chini ni la mtoto: kitabu chake cha picha, kofia au kilemba chake cha sala, na chochote alichochora kanisani au madrasa. Kila mtu arudishe chake mwenyewe.

*Kwa Waislamu: kupata kibla.* Kutoka Kampala, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, takriban digrii 18. Simameni asubuhi jua likichomoza, bega la kulia lielekee jua: uso wenu unatazama karibu na kaskazini. Geukeni kulia kidogo, kisha hakikisheni kwa dira au kwa kuuliza msikitini. Tieni alama ndogo ukutani ili mgeni asihangaike.

*ONYO LA KARAKANA.* Msiende na mtoto mahali panapochomelewa chuma. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata ya anayetazama kwa mbali kidogo, na maumivu hujitokeza saa kadhaa baadaye. Moshi wa bati lenye zinki likichomelewa una sumu. Mtoto aoneshwe kazi ikishapoa.

TAHADHARI: MOTO NA MOSHI NDANI YA CHUMBA KIMOJA

- Kwa sala ya jioni tumieni taa ya sola au ya betri. Mshumaa karibu na pazia au neti ya mbu ni hatari kubwa kuliko giza lenyewe.
- Kama mila yenu inahitaji mshumaa, kama wakati wa Majilio au mkesha wa Pasaka, usimamisheni ndani ya kopo la bati lenye mchanga, uwashwe na mtu mzima, na uzimwe kabla yeyote hajatoka chumbani.
- Ubani na uvumba vifukizwe kwenye chetezo chenye kitako kizito, mlango ukiwa wazi.
- Sigiri yenye makaa isilale ndani, hata usiku wa mvua na baridi. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa wakiwa usingizini bila kuamka kujiokoa.
- Ndoo ya maji au ya mchanga ikae mlangoni wakati wote wa kupika na kusali.

KAZI YA PILI: KIBUBU CHA VYUMBA VITATU

*Kwa nini.* Desemba ikiisha, shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Februari. Familia nyingi hukopa kwa ajili ya Krismasi au Idi, kisha hukopa tena kwa ajili ya karo. Kibubu kinaondoa deni la sikukuu kabla halijazaliwa. Pia kinamfundisha mtoto kwamba fedha ya nyumba haiishii tumboni mwetu wenyewe.

*Hatua.*

1. Agizeni kisanduku cha bati chenye vyumba vitatu, kila kimoja na tundu lake juu, na mlango mmoja wa nyuma wenye kufuli. Kama fedha ni kidogo, chukueni makopo matatu ya maziwa yenye vifuniko, toboeni tundu kila kifuniko, na kingo zake zikunjwe kwa koleo zisikate vidole.
2. Andikeni kwa rangi: SADAKA, JIRANI, SIKUKUU. Asiyejua kusoma achorewe alama: mkono uliofunguliwa, nyumba, na jua.
3. Pigeni hesabu ya sikukuu. Kama mnahitaji shilingi 120,000 na zimebaki wiki 24, ni shilingi 5,000 kila wiki. Wekeni kiasi mnachokiweza, kisha sikukuu ifuate kibubu. Kibubu kisilazimishwe kuifuata sikukuu.
4. Chagueni siku ya kutia. Wakristo wengi watapenda Jumamosi jioni, Waislamu Alhamisi jioni. Mtoto ndiye atie, mzazi amwambie inakwenda wapi.
5. Ufunguo akae nao mmoja, na daftari la hesabu akae nalo mwingine.
6. Chumba cha JIRANI hufunguliwa mwisho wa mwezi. Kaeni wote muamue: ni nani katika uwanja wetu amefiwa, amejifungua, anaumwa? Nunueni kitu kinachofaa, kama sukari, sabuni au posho, na mtoto ashike upande mmoja wa mfuko mkipeleka.

*Kumbukeni tofauti hizi.* Kwa Mwislamu, sadaka ya kibubu haichukui nafasi ya zaka. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kukaa mwaka mzima wa Kiislamu. Zakatul-fitri ni jambo jingine tena: hutolewa kabla ya sala ya Idi, kama kilo 2.5 hadi 3 za chakula kikuu kwa kila mtu wa nyumba, pamoja na mtoto mchanga. Kwa Mkristo anayetoa fungu la kumi, hesabu yake iandikwe peke yake daftarini, isichanganywe na chumba cha JIRANI.

*MAKOSA YA KAWAIDA.* Kukopa kwenye kibubu "mpaka kesho". Kutangaza kwa wageni kilipo. Kuacha fedha nyingi ndani wakati nyumba za kupanga huvunjwa. Kila mwisho wa mwezi pelekeni fungu la SIKUKUU kwenye simu au kwenye kikundi cha akiba mnachokiamini, na muandike mlichohamisha.

KAZI YA TATU: GUNIA LA MBOGA

*Kwa nini.* Muzigo hauna shamba, lakini hatua mbili mbele ya mlango zinatosha gunia. Mtoto anayemwagilia dodo (mchicha) kila asubuhi anajifunza subira na shukrani pasipo somo lolote. Na mboga zikizidi, zina mlango wa kuingilia kwa jirani.

*Mahitaji.* Gunia moja imara la nafaka, kopo kubwa la bati lililotolewa kitako na kifuniko, kokoto, udongo mzuri sehemu mbili na mbolea ya samadi iliyooza sehemu moja, matofali manne, miche ya sukuma wiki na mbegu za dodo au nakati.

*Hatua.*

1. Pangeni matofali mahali penye jua la nusu siku. Gunia likae juu yake ili maji ya mafuriko yapite chini.
2. Kunjeni mdomo wa gunia kwa nje. Simamisheni kopo katikati na mlijaze kokoto. Zungushieni udongo uliochanganywa mpaka usawa wa kopo.
3. Vuteni kopo juu, mkiacha kokoto chini. Jazeni tena kokoto ndani yake na udongo kandokando. Rudieni mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji hadi chini.
4. Mwagieni maji, liacheni gunia litulie siku mbili au tatu.
5. Toboeni matundu pembeni, kila moja sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa jingine, yakipishana. Pandikizeni sukuma wiki pembeni. Dodo na nakati zisiwe pembeni. Sieni mbegu zake juu.
6. Mwagilieni asubuhi au jioni, kupitia kokoto. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi au mafuta, hapana.
7. Dodo itaanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, sukuma wiki baada ya wiki sita hadi nane. Chumeni majani ya chini, mche uendelee.

*ONYO LA UDONGO.* Msichote udongo kando ya karakana, gereji, mahali betri zinapofunguliwa, wala kwenye mtaro unaomwaga katika mfereji wa Nakivubo. Udongo wa hapo unaweza kuwa na mafuta, risasi na uchafu wa vyoo, na mboga za majani huvuta baadhi ya sumu hizo. Nunueni udongo kwa wauza miche au mlete kutoka kijijini. Hata hivyo osheni mboga vizuri, kwa kuwa vumbi la chuma la Katwe halichagui pa kutua.

*Desturi ya kuambatanisha.* Mchumo wa kwanza wa kila gunia jipya usiliwe na ninyi. Upelekwe kwa mzee wa karibu: jjajja (babu au bibi) wa uwanjani, mama mjane, au aliyewafundisha dini. Mtoto aupeleke akipiga magoti au akiamkia kama desturi yenu inavyotaka. Mchumo wa pili ni wenu, na mshukuru kabla ya kula.

KAZI YA NNE: UBAO WA MCHEZO WA JIONI

*Kwa nini.* Familia inayosali pamoja inahitaji pia kucheka pamoja, bila kila mtu kuinamia simu yake. Tena Katwe ina historia yake hapa. Mwaka 2004 Robert Katende, akifanya kazi katika huduma ya Kikristo ya michezo, alianza kuwafundisha watoto wa mtaa huu sataranji huku wakipewa uji. Katika watoto hao akatokea Phiona Mutesi, aliyeiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia, na mwaka 2016 filamu juu yake ikatoka. Yote yalianza na kikombe cha uji, ubao na mtu mzima aliyekaa chini na watoto.

*Hatua.*

1. Kateni kipande cha mbao au boksi gumu la sentimita 40 kwa 40. Gawanyeni miraba 8 kwa 8, kila mmoja sentimita 5.
2. Pakeni rangi nyeusi mraba mmoja, rukeni mmoja.
3. Kusanyeni vifuniko 24 vya soda. Visugueni kingo kwa tupa. Vifuniko 12 vilale kifudifudi, 12 chali, au pakeni rangi mbili. Hapo mna drafti.
4. Mkishaizoea drafti, nunueni kete za sataranji, au ongezeni vifuniko vifike 32 na mtoto azichore juu yake.
5. Wekeni jioni moja kwa wiki. Anayeshindwa hachekwi, na anayeshinda anaosha vyombo.

*ONYO.* Vifuniko vya soda vihifadhiwe mbali na mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Vinaziba koo.

DESTURI YA KILA SIKU: DAKIKA KUMI

Dakika kumi zinazofanyika kila jioni zina nguvu kuliko saa nzima inayofanyika Jumapili moja kwa mwezi. Fuateni mpangilio huu:

1. Redio na televisheni zizimwe, simu ziwekwe kando, kwenye tabaka la kati la rafu kama mnayo.
2. Mtoto alete kitabu au mkeka. Hiyo ndiyo kengele yake.
3. Msomaji asome kifungu kifupi, aya chache tu. Baba na mama wapokezane, na mtoto anayejua kusoma apewe mstari wake.
4. Kila mtu aseme jambo moja la siku hiyo analolishukuru, na mtu mmoja wa kumwombea.
5. Salini. Waislamu wanaweza kuufanya mpangilio huu baada tu ya sala ya Magharibi, wakiwa bado kwenye mkeka.
6. Wazazi wamshike mtoto kichwani na kumtakia baraka kwa jina lake.

*Kwa umri.* Chini ya miaka mitatu, akae mapajani na mwishoni aseme "Amina" au "Amin". Miaka mitatu hadi sita, abebe kitabu na ashukuru kwa sentensi yake. Miaka saba na kuendelea, asome, aulize na mara moja kwa wiki aongoze yeye. Swali gumu msilizime. Mwambieni, "Tutamuuliza shehe," au "Tutamuuliza padre," na kweli mwende mkamuulize.

DESTURI YA KILA WIKI: MLO WENYE MGENI

Chagueni mlo mmoja kwa wiki na mualike mtu mmoja. Chakula kiwe kile mnachokimudu: katogo, posho na maharage, au matoke na mchuzi wa karanga. Mgeni aombwe asimulie jambo moja: aliokokaje, alisoma madrasa gani, sikukuu za utotoni kwao zilikuwaje. Pokezaneni kualika upande wa mume na wa mke. Mama aliyetoka kijijini, ssenga (shangazi) na mjomba wanabeba historia ya imani ya ukoo wenu, na wasipoulizwa inaondoka nao. Andikeni simulizi kwa ufupi kwenye daftari la familia, pamoja na tarehe.

DESTURI YA KILA MWAKA: KALENDA YA NYUMBA

Chukueni boksi gumu, choreni miezi 12, na mtundike juu ya rafu. Andikeni siku za kuzaliwa, za ubatizo au akika, siku ya ndoa yenu, na siku waliyofariki wazazi mnaowaombea. Kisha ongezeni siku hizi:

- 16 Februari. Siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Ni siku ya kumwambia mtoto kwamba muumini huweza kumwambia mtawala ukweli.
- Kwaresima na Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo Ramadhani husogea. Mwaka 2025 na 2026 mifungo hiyo miwili ilianza katika wiki moja. Iandikeni kwa kalamu ya risasi, msubiri mwezi uandame. Mtoto mdogo asilazimishwe kufunga: aache peremende, au afunge nusu siku akitaka mwenyewe, na akiumwa ale.
- 3 Juni. Siku ya Mashahidi wa Uganda. Tarehe hiyo mwaka 1886 vijana wengi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Jumla ya mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka kama 14. Familia ya Kiislamu nayo ina lake la kusimulia: miaka kama 10 kabla ya hapo, Kabaka Muteesa I aliwaua makumi ya vijana Waislamu wa ikulu yake waliokataa kwenda kinyume cha dini yao. Watoto wa nyumba zote mbili wajue wametoka katika nchi ambayo vijana walikufa kwa imani.
- Krismasi, Pasaka, Idul-Fitri, Idul-Adh'ha. Wekeni desturi moja isiyohitaji fedha kwa kila moja: kuosha nyumba pamoja usiku wa kuamkia, sahani ya kwanza kwenda kwa jirani wa dini nyingine, au kwenda kuwasalimu wazee kabla ya kula.

*Mkitaka kwenda Namugongo kwa miguu.* Kutoka Katwe ni takriban kilomita 15. Ondokeni alfajiri, vaeni viatu vilivyozoeleka, bebeni maji na mwavuli. Mtoto wa chini ya miaka minane apande teksi na mzazi mmoja, mkutane huko. Tarehe 3 yenyewe umati ni mkubwa sana: andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa mtoto, na mkubaliane mapema mahali pa kukutania. Wenye watoto wachanga wachague wiki moja kabla au baada. Sala ni ileile.

MAKOSA YANAYOVUNJA DESTURI NYINGI

1. Kuanza na mengi. Wiki ya kwanza kila kitu, wiki ya tatu hakuna kitu.
2. Kuifanya sala kuwa adhabu. Mtoto anayeambiwa "Nenda ukasali kwa sababu umekosea" ataiogopa rafu.
3. Kumwachia mama peke yake. Baba asipokaa mkekani, mtoto wa kiume ataiona sala kuwa kazi ya wanawake.
4. Kugombana juu ya fedha mbele ya kibubu. Malizeni hayo mtoto akiwa amelala.
5. Kuacha kabisa baada ya kukosa siku moja. Umeme ukikatika, mtoto akiugua, mgeni akichelewa, fanyeni sala ya dakika moja, na kesho mrudi kwenye kumi.
6. Kujilinganisha na nyumba nyingine. Mwenye chumba kimoja na gunia moja la dodo hajapungukiwa mbele za Mungu.

ORODHA YA MWEZI WA KWANZA

*Wiki ya 1*
☐ Tumefanya mazungumzo ya wawili na kuandika majibu.
☐ Tumechagua saa ya jioni na kuishika siku nne angalau.

*Wiki ya 2*
☐ Tumechagua kazi moja ya mikono na kukusanya vifaa.
☐ Kila mtoto amepewa kazi yake katika dakika kumi.

*Wiki ya 3*
☐ Kazi imekamilika na kukaguliwa: kingo, uthabiti, usalama wa moto.
☐ Mgeni wa kwanza amealikwa, na simulizi yake imeandikwa.

*Wiki ya 4*
☐ Kalenda ya nyumba imetundikwa.
☐ Tumempelekea jirani kitu, mtoto akiwa nasi.
☐ Tumekaa tena wawili: kipi kimeshika, kipi kinatuchosha, kipi tukipunguze?

Kilichoshika kiendelezeni miezi mitatu kabla ya kuongeza kingine. Kilichowachosha kipunguzeni bila kuona aibu: someni aya mbili badala ya tano, alikeni mgeni mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Na kwa kuwa hamhitaji fundi wala kibubu kuanza dakika kumi, zianzeni jioni ya leo, kwa kitabu mlichonacho na mkeka uliopo.